Kitenzi cha Maneno Mawili: Funzo kutoka Kirolirwe
Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba kitenzi kimoja chaweza kuundwa kwa maneno mawili au matatu. Mwanafunzi wa Kiswahili huzoeshwa kukiona kitenzi kuwa neno moja lenye viambishi vingi; maneno yakizidi moja, huambiwa kuna kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Mgawanyo huo una manufaa, lakini huyumba tuvukapo mipaka ya Kiswahili Sanifu.

Tuchukue Kirolirwe, kijiji cha Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwenye barabara itokayo Sake kwenda Kitchanga. Huko, kama kwingineko Kivu, wenye Kihunde na wenye Kinyarwanda hukutana katika Kiswahili. Atakaye kueleza tendo linaloendelea husema "niko nasoma", "tuko tunasoma". Msahihishaji aliyelelewa na sarufi sanifu hulifuta neno "tuko" akidai ni ziada. Je, ni ziada kweli?

Sarufi sanifu yenyewe, tangu kitabu cha E. O. Ashton cha mwaka 1944, imeeleza miundo kama "tulikuwa tunasoma": kitenzi cha kuwa kimetangulia, tendo limefuata, na nafsi imetajwa mara mbili. "Tuko tunasoma" ina umbo lilo hilo. Tena ina kazi. "Anafundisha" ya sanifu yaweza kumhusu mwalimu aliyesimama darasani sasa, au yule ambaye ualimu ndio kazi yake, hata kama amelala. Muundo wa Kivu huondoa utata huo: "-ko" ya mahali imehamia katika wakati, na mtendaji yumo ndani ya tendo lake.

Pengine itadaiwa kwamba maneno mawili ni dalili ya lugha isiyokomaa. Historia yakanusha. "Nimekwisha kusoma" ilipata kuwa "nimekwisha soma", kisha "nimeshasoma". Kilichokuwa kitenzi kamili kimegeuka kiambishi. Idadi ya maneno, basi, ni hatua katika safari ya kitenzi, wala si kipimo cha ubora wake.

Hatusemi kwamba mtihani wa Kiswahili Sanifu uache kudai usanifu. Twasema mwalimu amweleze mtoto wa Masisi kwamba umbo lake si la sanifu, asimwambie kwamba halina sarufi. Kauli ya kwanza humwongezea lugha. Ya pili humnyang'anya ile aliyokuja nayo shuleni.