Spike Imeaga, Mlima Umebisha Hodi

Jamani, nimeiona! Usiku wa Alhamisi, Januari 18, 2018, nilibonyeza namba ileile ya kebo nilikozoea kuikuta chaneli ya Marekani ya Spike, na Spike haipo. Mahali pake umesimama mlima. Mlima wenyewe wa Paramount, wenye nyota zilizouzunguka, ule ambao kila aliyewahi kukodi kanda ya video anaujua hata kama hajawahi kujiuliza ni wa nani. Studio iliyoanza mwaka 1912, iliyotupa The Godfather na Indiana Jones, leo nembo yake iko pembeni mwa kioo cha sebuleni kwangu kutwa kucha. Nilisimama wima. Sijui kwa nini nilisimama, ila nilisimama.

Na wamefungua kwa kishindo! Lip Sync Battle, moja kwa moja kutoka Dolby Theatre kule Hollywood, ukumbi zinakotolewa tuzo za Oscar, usiku mzima ukiwa wa kumuenzi Michael Jackson. LL Cool J na Chrissy Teigen ndio wenyeji, jukwaani wanapanda Taraji P. Henson, Neil Patrick Harris, Hailee Steinfeld, Laverne Cox. Najua, pleibeki ni pleibeki, na wapo watakaosema kwamba chaneli inayotafuta heshima isingeanza na watu wanaochezesha midomo. Waache waseme. Mtoto wa Nairobi aliyechana soli za viatu akijifundisha kuteleza kinyumenyume hawezi kununa usiku wa Michael.

Lakini utamu wa mabadiliko haya huupati mpaka ujue namba hii imepitia mikono ya nani. Chaneli ya kebo Marekani ni kama kiwanja: nyumba unaweza kuibomoa na kujenga nyingine, ila chenye thamani hasa ni hati. Na hati yenyewe ni mikataba na kampuni za kebo, ambazo kila mwezi humlipa mwenye chaneli senti kadhaa kwa kila nyumba inayoipokea. Kuanzisha chaneli mpya kabisa leo, uzibembeleze kampuni hizo moja baada ya nyingine zikupe nafasi, huku watu wanakata kebo na kuhamia Netflix, ni kujitafutia presha. Afadhali ubadili bango.

Bango la kwanza lilipandishwa Machi 7, 1983. Liliandikwa The Nashville Network, kwa kifupi TNN, na waanzilishi walikuwa WSM, watu walewale wa redio inayorusha Grand Ole Opry kutoka Nashville, Tennessee. Redio hiyo nayo ilizaliwa na kampuni ya bima. Herufi zake tatu zilitoka kwenye kaulimbiu ya kuwauzia watu bima ya maisha! Wakenya wenzangu mliokuzwa na Jim Reeves na Kenny Rogers redioni, hebu fikirieni chaneli nzima ya muziki huo. Ralph Emery alikuwa akiendesha Nashville Now usiku wa siku za kazi, wageni ni nyota wa country wa kila rika, na pembeni yake anakaa kikaragosi mwenye ndevu aitwaye Shotgun Red akimtania bila huruma. Baadaye zikaja mbio za magari za NASCAR. Ilikuwa runinga ya watu wa mashambani, haikumwomba mtu radhi, na ilipendwa.

Kisha wakaja wenye pesa. Mwaka 1997 TNN iliuzwa kwa Westinghouse, iliyokuwa ikimiliki CBS, na mwaka 2000 CBS ikamezwa na Viacom. Wakubwa wa New York wakaona gitaa na kofia pana havileti vijana. Septemba 2000 Nashville ikafutwa kwenye jina, ikawa The National Network, na mieleka ya WWF ikahamishiwa hapo: kipindi chake cha Raw kilianza Septemba 25. Kwa jina lile sina la kusema, halina ladha wala harufu. Kwa mieleka nina mengi, ila tutakesha.

Miaka mitatu baadaye wakatangaza chaneli ya wanaume, Spike TV, ifunguliwe Juni 16, 2003. Hapo ndipo Spike Lee, mwongozaji wa Do the Right Thing, alipokwenda mahakamani New York akidai kwamba watu wangedhani chaneli ni yake au ameipa baraka. Unaweza kucheka. Jaji Walter Tolub hakucheka: siku chache kabla ya uzinduzi aliweka zuio. Chaneli ikabaki na jina ililokwisha kulikana hadharani, huku mtoto wa marehemu Spike Jones, mwanamuziki wa vichekesho wa enzi za nyuma, akijitosa kwenye kesi kutetea haki yake ya kuitwa Spike. Lee na chaneli wakapatana Julai, na Agosti 11 bango jipya likapanda. Kwangu mimi hiyo ndiyo tamthilia bora kuliko nyingi walizowahi kurusha wenyewe.

Ila Spike haikuwa bure, tuiage kwa heshima. Mwaka 2005 iliupa mchezo wa mapigano mseto wa UFC mlango wakati hakuna chaneli kubwa iliyoutaka. Usiku wa Aprili 9, kule Las Vegas, Forrest Griffin na Stephan Bonnar walipigana raundi tatu wakitapakaa damu, hakuna anayerudi nyuma, kwenye fainali ya shindano la The Ultimate Fighter. Hadi leo mashabiki hulitaja kuwa ndilo pambano lililouokoa mchezo. Yaliyofuata, wachora tatuu wakishindana, baa mbovu zikifufuliwa, niliyatazama nikipiga pasi.

Kisha Viacom, iliyokuwa chini ya Bob Bakish, iliamua kuweka nguvu kwenye majina sita tu, na Spike haikuwemo. Jina la Paramount ndilo liliikalia nafasi yake. Kuelekea mwisho akaunti ya Spike kwenye Twitter ilikuwa ikilalamika na kutupa madongo kwa kila mtu, kituko kitupu.

Je, walikuwa na cha kutuonyesha zaidi ya mlima? Walikuwa nacho! Jumatano ya Januari 24 nilitazama sehemu ya kwanza ya Waco, tamthilia ya sehemu sita kuhusu mzingiro wa siku 51 kule Texas mwaka 1993, FBI ilipowazunguka wafuasi wa kiongozi wa dini David Koresh. Taylor Kitsch ndiye Koresh, amekonda, miwani usoni, sauti ya upole inayokufanya umwamini kabla hujakumbuka ni nani. Upande wa pili yuko Michael Shannon, msuluhishi wa FBI, mtu anayejaribu kuongea wakati wenzake wanataka kufyatua. Kamera haina haraka. Spike isingethubutu kumwacha mtu akae kimya namna ile, ingempa bunduki.

Kasoro? Zilikuwepo. Mchana yalibaki marudio yaleyale, Cops na Bar Rescue, ungedhani hakuna aliyehama. Na jina la kampuni ya mtayarishaji wa filamu Harvey Weinstein lililazimika kuondolewa kwenye Waco baada ya kashfa zake za mwaka 2017, jambo linalokukumbusha kwamba Hollywood haiji na nyota peke yake.

Lakini kulikuwa na kiangazi cha 2018 cha kusubiri. Ilikuwa inakuja Yellowstone, iliyoandikwa na Taylor Sheridan, yule wa filamu za Sicario na Hell or High Water, na Kevin Costner angekuwa John Dutton, mwenye ranchi kubwa Montana. Farasi, ng'ombe, kofia pana! Mnaona lililotokea? Miaka 18 baada ya kuwafukuza watu wa mashambani kwenye chaneli yao wenyewe, wenye pesa wakawarudisha kwa mlango wa mbele, safari hii kwa bajeti ya sinema, na sikumsikia hata mmoja wao akiitaja Nashville. Mimi nawatajia bure. Na kama Costner angekuwa nusu tu ya alivyokuwa kwenye Dances with Wolves, wale wa Netflix wangeanza kutazama nyuma.

Hayo yalikuwa ya baadaye. Jumatano iliyofuata ilikuwa sehemu ya pili ya Waco, na niliapa kwamba atakayenipigia simu saa hiyo haitapokelewa.