Kuonja Mchezo wa Kale Uliovaa Nguo Mpya

Mchovya asali hachovyi mara moja. Methali hii, ewe msomaji, wafanyaji biashara waliifahamu zamani, na ndiyo sababu mwuza tende hukupa moja ya bure kabla hujatoa fedha. Watengenezaji wa michezo ya video nao hufanya vivyo hivyo: hutoa sehemu ndogo ya mchezo bila malipo, ili watu waionje kabla ya mchezo mzima kuuzwa. Sehemu hiyo na tuiite kionjo. Kazi ya mhakiki ni kuonja kwa ulimi safi. Na hapo ndipo penye taabu, kwa maana ulimi wa mtu mzima umekwisha kolezwa na kumbukumbu za utotoni.

Taabu hiyo ilinipata mwezi wa Septemba mwaka 2018, kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa kionjo cha mchezo uitwao Mega Man 11. Mchezo wa kwanza wa ukoo huu ulitoka mwaka 1987. Ndani yake roboti mdogo wa rangi ya buluu hukimbia, huruka kutoka jukwaa hadi jukwaa, na hupiga risasi kwa mkono uliogeuka mzinga. Mwisho wa kila hatua hupigana na roboti mwenye nguvu, na akimshinda huitwaa silaha yake.

Mimi niliujua mchezo huo nikiwa shule ya msingi, nyumbani kwa jirani, mbele ya televisheni iliyotaka kupigwa kofi ndipo itulie. Tulikuwa watoto sita na pedi moja. Aliyekufa mchezoni alimwachia mwenziwe, hivyo kila mmoja alijifunza kwa makosa ya wengine. Basi niliposikia habari za kionjo, moyo wangu ulikisifu kabla macho hayajakiona. Sifa ya namna hiyo haikuwa sifa ya mchezo. Ilikuwa sifa ya utoto wangu.

Ili nitende haki, nilimwita mpwa wangu wa miaka kumi na minne, ambaye hakupata kuuona mchezo ule wa kale. Nilimpa pedi, nami nikanyamaza.

Kionjo kina hatua moja tu, ya roboti aitwaye Block Man. Mahali penyewe ni magofu ya mawe. Matofali huanguka kutoka juu, na mengine husogea juu ya mikanda. Asiyepata upenyo mapema hubanwa akafa. Michezo ya tisa na ya kumi, ya mwaka 2008 na 2010, ilirudia kwa makusudi picha za vidotodoto za zamani. Huu wa kumi na moja umelivua vazi hilo: maumbo yake ni manene na rangi zake ni laini. Sheria, hata hivyo, ni zile zile.

Mpwa wangu akafa mara ya kwanza, akailaumu pedi. Akafa mara ya pili, akanilaumu mimi kwa kukohoa. Mara ya tano hakulaumu mtu. Alisema polepole, "Mjomba, lile tofali lilinionya. Mimi ndiye sikulitazama."

Hapo nilipata jibu nililolitafuta. Uzuri wa mchezo huu haumo katika picha za zamani wala katika machozi ya watu wazima. Umo katika uadilifu wake: humwadhibu mchezaji kwa kosa aliloweza kuliepuka, kisha humpa nafasi ya kujirekebisha. Kijana asiye na kumbukumbu yoyote aliuona uzuri huo kwa macho yake.

Lakini mapenzi yasitufumbe macho. Mchezo huu umeongeza mitambo miwili: mmoja huzidisha nguvu za risasi, na mwingine hupunguza mwendo wa kila kitu kwa muda mfupi. Huo wa pili ni msaada mwema, ila waweza kumfanya mvivu aache kujifunza na kuutegemea kama gongo. Tena, kionjo hukoma Block Man anaposhindwa. Utamu mkubwa wa michezo hii ni kuchukua silaha ya adui mmoja ukamshinde nayo mwingine, na utamu huo haukuwamo. Mchezo mzima, uliotoka tarehe 2 Oktoba mwaka huo, una maadui wa namna hiyo wanane. Nasi tulionja mmoja. Kwa hiyo hukumu yangu siku ile ilikuwa hii: sifa kwa kilichoonekana, na subira kwa kisichoonekana.

Nawe, mwanafunzi, utasikia mara nyingi kwamba nyimbo za kale zilikuwa bora, na vitabu vya kale, na michezo ya kale. Usikatae upesi, wala usikubali upesi. Kitwae kitu chenyewe, umpe mtu asiye na kumbukumbu nacho, kisha utazame uso wake. Kikimpendeza na yeye, basi kina uzuri wake chenyewe. Kisipompendeza, huenda tulichokuwa tukikisifu ni ujana wetu uliopita.