Shingo Iliyotulia, Macho Yaliyo Wazi: Namna ya Kuipima Rolakosta ya Familia

Rolakosta ya familia ina kazi ngumu kuliko ile inayojengwa kwa ajili ya vijana wanaotafuta hofu. Ile kubwa ikishakupandisha juu na kukudondosha, imemaliza neno lake. Hii ya familia hubeba mtoto wa miaka sita na bibi yake kwenye behewa moja. Haina kimo cha kujivunia wala kasi ya kutisha, na bado inatakiwa iwashushe wote wawili wakicheka na kutaka kurudi kwenye foleni. Watu huipima kwa mambo mawili, ulaini wa mwendo na uzuri wa mandhari, kila jambo peke yake. Kwangu hilo ni jambo moja. Mwendo uwe laini kiasi cha kumfanya abiria ainue kichwa na kutazama, na mandhari yawekwe pale ambapo kichwa kimetulia. Mlima uliochongwa kwa ustadi mkubwa haumfai kitu mtoto aliyejikunyata akisubiri mshtuko unaofuata.

Anza na shingo. Mwili wa binadamu unastahimili vizuri kukandamizwa kitini na hata kunyanyuliwa kidogo. Usichostahimili ni kukumbwa ubavuni bila taarifa. Kwa hiyo usiulize kama treni inatikisika. Uliza inatikisikia upande gani, na kwa ghafla kiasi gani. Joris en de Draak, rolakosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 2010 katika bustani ya Efteling huko Uholanzi, inatetema tangu mteremko wa kwanza hadi breki, na bado naihesabu kuwa miongoni mwa zilizotengenezwa vizuri. Mabehewa yake ni mafupi, safu moja tu ya viti kwa kila behewa, kwa hiyo treni inajikunja pamoja na kona badala ya kubishana nayo. Mtetemo wake unapanda kutoka miguuni, haurukii mabegani. Tena treni mbili zinashindana kulizunguka joka, na katika kisa cha vita na joka mtetemo wa mbao una mahali pake.

Kwenye kona ndipo fundi anapojulikana. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 15, treni ikipita kwa mita 12 kwa sekunde, yaani kama kilomita 43 kwa saa. Hapo reli inatakiwa ilale karibu nyuzi 45 ili nguvu yote ielekee kitini. Ikilala pungufu, unamwangukia uliyekaa naye. Lakini kulala hakutoshi, kwa maana uchungu mwingi uko kwenye kuingia kona, si kwenye kona yenyewe. Dereva mzoefu wa basi anayeshuka mlima wa Kitonga huanza kukata usukani mapema, akauongeza kidogo kidogo, na abiria aliyesinzia haamki. Reli nzuri hufanya hivyo hivyo. Reli nyingi za zamani hazikuweza. Matterhorn Bobsleds ya Disneyland, California, iliyofunguliwa mwaka 1959, ndiyo ya kwanza kutumia reli za mabomba ya chuma, hatua kubwa katika ufundi huu, ila mabomba hayo yalikunjwa kabla kompyuta hazijaingia kwenye kazi hii. Ukiipanda utajua kila mahali ambapo mstari mnyoofu unaisha na tao linaanza.

Mhandisi Mjerumani Werner Stengel ndiye anayetajwa sana kwa tiba ya tatizo hilo: reli isizunguke kwenye usawa wa miguu, izunguke kwenye usawa wa kifua cha abiria. Kichwa kinabaki karibu na njia yake, reli ndiyo inayohama chini yake. Unaweza kuitambua tiba hiyo hata kabla ya kununua tiketi. Simama nje utazame reli inapoanza kulala. Ikionekana imejisokota na kuhamia pembeni kwa namna isiyopendeza macho, huenda ndani ya behewa hutahisi chochote.

Kisha sikiliza magurudumu. Kila behewa lina ya aina tatu: yanayobeba juu ya reli, yanayoshika ubavuni, na yanayopita chini ili behewa lisinyanyuke, wazo alilolipatia hataza Mmarekani John Miller mwanzoni mwa karne ya 20. Ya ubavuni ndiyo yenye habari. Yakiwa na nafasi kati yake na reli, treni hupigwa huku na huku hata kwenye njia iliyonyooka. Kwa hiyo kipande kifupi kilichonyooka kabla ya breki za mwisho, ambacho wengi hawakijali, kinasema mengi kuliko mteremko mkubwa: pale hakuna kona ya kusingizia. Mngurumo wa sauti moja ni dalili njema. Mlio wa mpigo kwa mpigo unaoharakisha kadiri kasi inavyopanda ni gurudumu lililopata bapa. Hilo ni deni la karakana, usimlaumu mbunifu. Panda mara ya kwanza katikati ya treni, kisha kiti cha nyuma kabisa. Panda asubuhi, rudi alasiri, wakati grisi na magurudumu yamepata joto na treni inakimbia zaidi. Rolakosta iliyo laini asubuhi tu bado haijafaulu.

Usipuuze chuma cha mapajani. Kikiwa kimoja kwa kiti kizima, husimama kwenye paja la baba, na mtoto aliye pembeni yake huteleza kila kona. Kila abiria akiwa na chake, hata reli ya wastani huonekana laini.

Sasa macho. Kwa mita 12 kwa sekunde, kitu kilicho mita sita mbele yako kinakupita katika nusu sekunde. Hakuna anayesoma kibao wala kuona uso wa sanamu katika muda huo. Kwa hiyo mbunifu mwenye akili huweka vitu vidogo pale treni inapovutwa polepole, na sehemu za kasi huziachia maumbo makubwa. Sijaona mahali ambapo kanuni hii imeshikwa vizuri kuliko Big Thunder Mountain Railroad ya Disneyland, iliyobuniwa na Tony Baxter na kufunguliwa mwaka 1979, yenye miamba iliyoigwa kutoka Bryce Canyon, Utah. Treni inavutwa na mnyororo mara tatu. Mvuto wa kwanza uko pangoni, penye popo na maji. Karibu na kilele cha pili kuna mbuzi anayetafuna baruti. Wa tatu unapita katikati ya milipuko. Kati ya vilele hivyo ni kuta za miamba, midomo ya mapango, na mwishoni mbavu za dinosaria, vitu ambavyo jicho hulimeza umbo lake mara moja. Miongoni mwa mitambo iliyotapakaa kando ya njia kuna zana halisi za migodini zilizokusanywa na wabunifu, na kutu yake haifanani na kutu ya rangi.

Kisa chake ni cha treni iliyokimbia bila dereva, kwa hiyo kuyumba kidogo kunaruhusiwa. Kuumiza hakuruhusiwi. Ilipofungwa Januari 2013 na kufunguliwa tena Machi 2014, ilikuwa na reli mpya kwenye njia ile ile, na huo kwangu ni ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Miamba ni ile ile na kona ni zile zile, lakini kichwa kikitulia mlima mzima unaonekana. Ile ya Disneyland Paris, ya mwaka 1992, imeongeza jambo ambalo nalipenda sana: mlima uko kisiwani, na treni inaufikia kwa kupita kwenye handaki chini ya maji, gizani.

Seven Dwarfs Mine Train ya Magic Kingdom, Florida, iliyofunguliwa mwaka 2014, imekwenda mbele zaidi kwa ulaini. Vitoroli vyake vinaning'inia na kujilaza vyenyewe, kwa hiyo msukumo wa ubavuni unageuka kuwa bembea, na mtoto wa sentimita 97 anaruhusiwa kupanda. Katikati ya safari mwendo unafifia mgodini ili uwaone mbilikimo wakichimba vito, nyuso zao zikimulikwa kutoka ndani hata midomo ikaenda na wimbo. Kosa lake ni ufupi. Baada ya mgodi inabaki miteremko michache tu, na bado una hamu.

Jaribio langu kali la mandhari ni kugeuza shingo katika theluthi ya mwisho. Bustani zenye haraka humwaga rangi upande unaotazama foleni na kuuacha mgongo wa mlima ukiwa saruji tupu. Nguzo zilizo wazi si kosa ikiwa ni sehemu ya sura, kama mbao za Joris. Kosa ni mwamba ulioishia katikati.

Giza linahitaji kipimo chake. Vogel Rok, pia ya Efteling, ya mwaka 1998, inamfuata Sindbadi baharia na ndege Rukh, yule ambaye Marco Polo alisimuliwa kuwa anaishi pande za Madagaska, na ambaye msomaji wa Alfu Lela Ulela hahitaji kutambulishwa. Ndege mwenyewe, mkubwa mno, ametanda juu ya mlango. Ndani ni weusi na taa chache. Huko macho hayawezi kuionya shingo kuwa kona inakuja, kwa hiyo mshtuko ambao ungesameheka juani hausameheki. Kaa nyuma, legeza mikono, usishike chuma kwa nguvu, na uone kama vidole vitajifunga vyenyewe kabla treni haijatoka nje.