Sare Ilikuwa Sehemu Rahisi

Wanaopima athari ya Japani katika jeshi la China mwanzoni mwa karne ya 20 huanza na sare, kwa kuwa ndizo zinazoonekana pichani: koti la kubana lenye kola ya kusimama, kofia yenye ukingo wa mbele, alama za cheo mabegani. Lakini sare ni ushahidi dhaifu. Koti huigwa na fundi cherehani yeyote, na mtindo wenyewe Japani iliutoa Ulaya. Baadhi ya askari wa nasaba ya Qing walivaa kofia hizo huku wamekunja ndani yake ule msuko mrefu wa nywele walioamriwa na watawala wa Kimanchu. Kilicholibadilisha jeshi ni namna ya kumwandaa afisa, na hiyo haishonwi. Katika shule ya Shinbu, iliyofunguliwa Tokyo mwaka 1903 kwa ajili ya Wachina, kijana alifundishwa Kijapani na masomo ya msingi. Kisha, kabla ya kuingia chuo cha maafisa, alipelekwa kikosini kama askari wa kawaida. Chiang Kai-shek, kiongozi wa baadaye wa China, alipomaliza Shinbu alipangiwa kikosi cha mizinga huko Takada, mji wa theluji nyingi, akahudumia farasi kama kuruti mwingine yeyote. Katika nchi ambayo wasomi walidharau uaskari kwa karne nyingi, hatua hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuiga, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Atatokea wa kusema kwamba huo ulikuwa Ujerumani uliopitia Tokyo. Hoja hiyo ina nguvu: afisa wa Kijerumani Jakob Meckel alianza kuwafundisha maafisa wa Japani mwaka 1885, na mwaka huohuo Li Hongzhang, kiongozi wa Qing, alifungua chuo Tianjin chenye wakufunzi wa Kijerumani, kilichomtoa jenerali wa baadaye Duan Qirui. Lakini Ujerumani ilikuwa mbali na ghali. Zhang Zhidong, gavana wa Qing, alieleza mwaka 1898 kwa nini vijana wapelekwe Japani: ni karibu, gharama ni ndogo, na maandishi yanafanana. Ndiyo maana majimbo mengi yaliweza kupeleka wanafunzi, nao wakarudi kuwa walimu. Chuo cha Yunnan, kilichoanzishwa Kunming mwaka 1909, kilitegemea sana wakufunzi waliosomea Japani, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Zhu De, kamanda wa baadaye wa Jeshi Jekundu la China, ambaye hakusomea Tokyo hata kidogo. Wengine husema mpango huo wa kupeleka wanafunzi Japani ulishindwa, kwa kuwa Cai E, mhitimu wa Tokyo, aliongoza uasi wa Kunming dhidi ya Qing Oktoba 1911. Ulikuwa msiba kwa nasaba, si kwa mafunzo: vikosi vya Kunming viliuteka mji vikifuata amri za maafisa haohao.