Namna ya Kuipima Sehemu ya Mwisho ya Tamthilia Ndefu ya Vichekesho

Tamthilia ya runinga inayochanganya kicheko na majonzi, ambayo wahakiki huiita tanzia-ramsa, hupimwa kwa ukali zaidi pale inapokoma, kwa kuwa mtazamaji aliyeifuata kwa miaka mingi hakubali wahusika wake waondolewe kiholela. Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Embu na Meru, watazamaji wa namna hiyo ni wengi, na mwongozo huu unahusu vigezo vinavyoweza kuwasaidia kutambua mwisho uliotungwa kwa ustadi.

Kigezo kikuu ni deni, yaani swali ambalo sehemu ya kwanza humwachia mtazamaji na ambalo halitajibiwa mpaka tamthilia imalizike. Papa Shirandula, iliyoanza kurushwa na Citizen TV mwaka 2007, ilijengwa juu ya uongo mmoja: mhusika mkuu, aliyeigizwa na Charles Bukeko, alikuwa mlinzi, yaani soja kama wasemavyo mitaani, lakini mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, aliaminishwa kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Uongo huo unaeleweka haraka sana Nyeri, mji ulio umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Nairobi, kwa sababu familia nyingi za Othaya, Tetu na Mukurwe-ini zina mtoto aliyekwenda kutafuta kazi jijini, na anachokifanya huko hujulikana nyumbani kwa maneno yake mwenyewe tu. Kwa hiyo, mwisho wowote wa tamthilia yenye msingi kama huu, hata upambwe kwa harusi na muziki, ni mbovu iwapo haumfikishi mke kwenye lango analolinda mumewe. Tamthilia kama Vioja Mahakamani ya KBC, ambayo kila sehemu yake ni kesi inayoanza na kuhukumiwa papo hapo, haina deni la aina hii, na haifai kuhukumiwa kwa kigezo hiki.

Mfano bora wa deni lililolipwa unatoka Marekani. M*A*S*H, iliyohusu madaktari wa jeshi katika vita vya Korea, ilidumu misimu 11 ingawa vita vyenyewe vilichukua miaka 3, na sehemu yake ya mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 28 Februari 1983, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 100. Wingi huo si ushahidi wa ubora. Ushahidi umo katika daktari B.J. Hunnicutt, ambaye alishindwa kabisa kutamka neno la kuagana, kisha mwenzake Hawkeye, helikopta ilipokuwa ikipaa, akaliona limepangwa kwa mawe ardhini. Tendo hilo linachekesha na kuliza kwa pamoja, na hakuna mhusika mwingine ambaye lingemfaa.

Kigezo cha pili ni lafudhi. Vichekesho vya Kenya hutegemea sana Kiswahili kinachobeba sauti ya lugha ya mama, na mkazi wa Karatina anayemsikiliza Njoro wa Papa Shirandula, aliyeigizwa na Kenneth Gichoya, hutambua mara moja usemi wa Mkikuyu unaofanana na wa sokoni kwake. Waandishi wengi wanapofika mwisho huingiwa na hamu ya kutoa mawaidha, na ghafla mhusika aliyekuwa akikosea silabi kwa miaka huanza kuhubiri kwa Kiswahili sanifu. Hapo mwandishi amemvua mhusika ulimi wake, na kosa hilo ni kubwa kuliko kasoro yoyote ya msuko, yaani mpangilio wa matukio. Mhusika na aage kwa ulimi uleule aliojia nao.

Kisengere nyuma, yaani kuonyesha upya matukio yaliyopita, ni kigezo chepesi: kikizidi, mwandishi hana jipya. Kuhusu waigizaji watoto, kama wale wa tamthilia ya Machachari waliobalehe mbele ya kamera, inatosha kuuliza kama mwisho unakubali kwamba wamekua.

Linalobaki, yaani mwisho unaoletwa na kifo cha mwigizaji, ndilo gumu zaidi. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, na miaka 5 kabla yake, Julai 2015, alifariki Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang katika tamthilia ya Vitimbi. Mauti hayangoji mswada, na mwisho uliolazimishwa na msiba si haki kuulaumu kwa deni lisilolipwa; unachoweza kupimwa nacho ni heshima na ukweli wake. Hata hivyo, tamthilia hukoma pia kwa uamuzi wa stesheni, na uamuzi huo una tarehe inayoweza kutangazwa mapema. Stesheni za Kenya ziwape waandishi wao angalau msimu mmoja wa kuandaa kuagana, kwa maana mtazamaji wa Nyeri aliyesubiri miaka 10 anastahili kumwona Wilbroda wake akifika langoni.