Sifa za Bustani ya Mlimani

Sisi tuliozaliwa pwani tumezoea kuihesabu baridi katika jumla ya maradhi, na mwenzetu akihamishiwa mlimani kwa kazi, jamaa humfungia mablanketi huku wakimwonea huruma. Nimekaa Lushoto muda wa kutosha kuona kwamba hesabu hiyo si sahihi, na katika insha hii nataka kuisifu sanaa moja ambayo baridi ndiyo mwalimu wake na ambayo uchache wa fedha hauizuii, nayo ni kilimo cha mboga nyuma ya nyumba.

Atokaye Mombo, penye joto la nyika na mashamba ya mkonge, akakwea kwa barabara ya Soni, hupanda takriban mita 1,000 kabla ya kuufikia mji wa Lushoto, uliokaa kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; na maadamu kila mita 1,000 za kupanda huondoa digrii 6 hivi za joto, safari isiyotimia kilomita 40 humtoa msafiri katika hali moja ya hewa na kumtia katika nyingine, ambamo kabichi, karoti, liki, njegere na viazi mviringo husitawi katika ardhi ya Afrika. Wajerumani waliupenda mji huu kwa tabia yake ya hewa, wakauita Wilhelmstal. Jina limekwisha kusahauliwa na wengi, kabichi imebaki. Sokoni Tanga na Dar es Salaam mboga za Lushoto ni maarufu, lakini mimi sizungumzii mboga za malori na magunia. Nazungumzia kitalu cha hatua chache, baina ya ukuta wa jiko na ua wa jirani, kinachomtosha mtu wa mshahara mdogo asiende sokoni ila kwa chumvi na mafuta.

Jambo la kwanza ambalo baridi hufanya ni kurefusha muda wa kila kitu, na asiyelifahamu hilo hukata tamaa mapema. Mbegu ya karoti, ambayo katika udongo wa digrii 20 huchipua kwa juma moja au zaidi kidogo, huweza kukaa majuma mawili na kupita udongo unapopoa kukaribia digrii 10, na katika muda huo wote ikikauka mara moja tu imekufa. Mwenye fedha huliondoa shaka hili kwa kununua nailoni na kujenga banda la kuhifadhi joto. Asiye na fedha hutandika gunia kuukuu lililoloweshwa juu ya mstari wa mbegu, akalifunua kila asubuhi kutazama, na siku ile achungulieyo akaona nyuzi za kijani, hulitoa bila kuchelewa, kwa kuwa mche uliozuiliwa mwanga hurefuka na kudhoofika. Fauka ya hayo, huchanganya mbegu chache za figili katika mstari uleule. Figili hutangulia kuchomoza, ikaonyesha mahali pa karoti ili jembe lisipotee, nayo huliwa kabla karoti haijahitaji nafasi. Gharama ya hikima hii yote ni gunia moja na macho ya asubuhi.

Walakini ucheleweshaji huohuo, ambao mwanzoni huonekana adhabu, ndio utakaomlipa mkulima baadaye. Majani ya sukuma wiki hayakakamai upesi. Saladi haikimbilii kutoa maua. Maji ya kumwagilia hayaruki hewani kabla ya kufika kwenye mizizi, hata ndoo moja ikafanya kazi ambayo Mombo ingetaka ndoo kadhaa. Karoti iliyokomaa huweza kuachwa ardhini muda mrefu ikingoja siku ya haja, pasipo ghala wala barafu, na katika miezi ya Juni hadi Agosti huzidi utamu, kwa kuwa mimea hii ikipatwa na baridi hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Ndiyo sababu nasema kwamba mlimani mtu hununua kwa subira vitu ambavyo kwingine hununuliwa kwa fedha, na subira ni mali ambayo maskini na tajiri wamegawiwa kwa kipimo kimoja.

Mbegu ndiyo gharama ambayo haikwepeki kabisa, lakini yapunguzika sana kwa anayezijua tabia za mimea yake. Mnavu, mchicha na maharage hutoa mbegu yenyewe, na kinachotakiwa ni kuuchagua mche ulio bora tangu mapema, kuufunga uzi ili mtu wa nyumbani asiuchume, kisha kuzianika mbegu mpaka zikauke barabara na kuzitia katika chupa yenye kizibo pamoja na majivu kidogo ya kunywa unyevu. Sukuma wiki haihitaji hata mbegu. Jirani yangu, mama wa Kisambaa mwenye umri wa kuitwa bibi na kila mtu wa mtaani, alinionyesha jinsi ya kuvunja vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa shina, kuvipunguza majani, na kuvichomeka kivulini katika udongo uliolowa. Aghalabu hushika mizizi, na shina moja zuri laweza kuzaa kitalu kizima kisha likazaa kingine. Kabichi haina jamala hiyo. Haitoi maua mpaka ipitiwe na majuma mengi ya baridi kali, baridi ambayo aghalabu mji wetu hauifikii, kwa hiyo mbegu yake hapana budi inunuliwe.

Mbolea hainunuliwi. Maganda ya viazi, majani ya mgomba, magugu yasiyokomaa mbegu na samadi ya mbuzi hukusanywa pamoja, na hapa ndipo wengi hukosea wakasema mboji haiozi mlimani. Huoza, ila inataka ukubwa: lundo dogo hupoa usiku na kufa ganzi, ilhali lundo la mita moja kila upande hushika joto lake lenyewe, kama wali uliopaliwa makaa. Majivu ya jiko nayo yana thamani kubwa katika udongo huu mwekundu wa Usambara ambao kwa asili una uchachu, na kabichi huyapenda. Lakini yasimwagwe penye viazi, kwani udongo uliopungua uchachu huvitia ukurutu.

Adui mkuu wa bustani ya baridi ni unyevu unaolala juu ya majani, kwa maana ndio unaoleta baka jani, ugonjwa uleule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka wa 1845 na kuwatia watu wa nchi ile katika njaa isiyosahaulika. Ukungu ukikaa siku tatu juu ya msitu wa Magamba, mwenye nyanya huingiwa na hofu. Dawa za dukani zipo, na bei zake zipo. Tadbiri ya asiye na uwezo ni kupanda nyanya chini ya upenu wa nyumba, upande ule jua la asubuhi linakopiga kwanza, ili mvua isiyaguse majani na umande ukauke mapema. Kisha huchuma majani yote ya chini yanayogusa ardhi, na kumwagilia shinani asubuhi, si jioni. Nimeona nyanya za upenuni zikiiva salama mwaka ambao shamba zima la bondeni lilikuwa jeusi. Na mabonde yana dhara lingine: hewa baridi ni nzito, huteremka usiku na kutuama chini, hata mche wa kwenye mteremko ukalala penye joto zaidi kuliko ndugu yake aliye penye ardhi tambarare na rutuba.

Juu ya miteremko hiyo ipo habari ambayo sipendi kuipita. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1946, serikali ya Kiingereza iliwaamuru watu wa Mlalo, kisha wa sehemu nyingine za Usambara, walime matuta ili udongo usichukuliwe na mvua, na aliyekataa aliadhibiwa. Kuukinga udongo lilikuwa jambo la haki. Lakini amri ilikuja kwa watu waliojua mashamba yao kuliko waliowaamuru, ikawaongezea kazi ngumu, ikachukiwa, na kabla ya uhuru mpango wote ukaanguka. Leo mtu wa nyumba jirani huchimba tuta lake kwa hiari, akapanda majani ya Guatemala ukingoni ya kushika udongo na kulisha ng'ombe, wala hapana askari aliyemsimamia. Ustadi wa mikono haukubali kutiwa kwa nguvu. Huambukizwa kwa kuonekana juu ya ua, kitalu kwa kitalu.

Kwa njia hiyohiyo ndivyo tulivyokuja kushirikiana katika kununua mbegu ya kabichi. Gramu moja ina mbegu 250 mpaka 300, nayo ni zaidi ya haja ya nyumba yoyote, kwani kabichi zilizopandwa siku moja hukomaa pamoja, na nyumba moja haiwezi kuzila zote. Basi nyumba tatu hununua pakiti moja. Ya kwanza husia mbegu zake mwanzo wa Aprili, ya pili baada ya majuma matatu, ya tatu baada ya mengine matatu, na kila kitalu kikikomaa hukatwa kwa ajili ya nyumba zote. Zilizobaki hungoja shambani kwa kuwa baridi haiziharakishi kupasuka, hata pishi la kabichi likaendelea tangu Julai hadi Septemba kwa bei ya pakiti moja iliyogawanywa kwa tatu.