Mapafu Hutangulia, Mifupa Hufuata

Mbio za marathoni ni kilomita 42.195, lakini sehemu kubwa ya gharama yake mwilini hulipwa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Mkimbiaji wa kawaida anayemaliza kilomita moja kwa dakika sita, akipiga hatua 170 kwa dakika, hukanyaga ardhi zaidi ya mara 1,000 katika kila kilomita, na kila mguu unapotua hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Katika kambi ya Kaptagat nchini Kenya, alikofanyia mazoezi mkimbiaji Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, wiki moja hufikia kilomita 200 na ushei.

Misuli ndiyo hulalamika kwanza. Mteremko huiumiza kuliko mlima, kwa kuwa misuli ya mbele ya paja huvutika huku ikijikaza kuuzuia mwili usiporomoke. Nyuzi zake huchanika kidogo mno, na maumivu hufikia kilele siku moja au mbili baadaye. Aliyekimbia mbio ndefu Jumapili huonekana Jumanne akishuka ngazi kinyumenyume. Michaniko hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, maana ndiyo inayouamsha mwili ujenge upya, mradi upewe nafasi. Ndiyo sababu Kaptagat huweka mazoezi makali Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku nyingine mabingwa wa kambi hiyo huanza kwa mwendo wa kushangaza kwa upole wake.

Hatari kubwa zaidi hutokana na mwili kutokwenda kwa mwendo mmoja. Maji ya damu huongezeka ndani ya siku chache za mazoezi, na baada ya wiki kadhaa mapigo ya moyo hushuka na pumzi hutulia. Kano na mifupa hudai miezi. Mfupa uliozidishiwa kishindo kwanza hubomolewa: seli maalumu huondoa sehemu zilizochoka, kisha nyingine huja kujaza. Kubomoa huchukua wiki chache, kujaza na kukomaza huchukua miezi. Katikati hapo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla mtu hajaanza kukimbia, na ni wakati huohuo mapafu humwambia aongeze kilomita. Akiyatii, muundi hupata ufa. Maumivu ya misuli huenea na hulegea mwili ukipata joto. Ya ufa hukaa mahali pamoja panapoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, na huzidi kadiri anavyokimbia. Tiba ni kupumzika, mara nyingi wiki sita hadi nane.

Kelvin Kiptum, aliyekimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023, alifikisha karibu kilomita 300 katika baadhi ya wiki, na kocha wake, Gervais Hakizimana, alieleza hadharani hofu kwamba mwili ungechakaa mapema.

Kula kidogo huharakisha uchakavu huo. Nishati isipotosha, mwili huanza kufunga idara zake: hedhi hukatika, homoni za kiume hushuka, mifupa hukonda. Kwa miaka mingi kukatika kwa hedhi kulichukuliwa kuwa dalili ya mazoezi kukolea, kosa lililowagharimu wanariadha wengi mifupa yao. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo ya upungufu wa nishati jina rasmi mwaka 2014, ikiwajumuisha wanaume. Madini ya chuma nayo hupotea kwa jasho, kwa utumbo, hata kwa chembe nyekundu za damu zinazopasuka nyayoni kwa kishindo.

Yanayobaki hayaui, ila hayasimuliwi mezani. Kucha za vidole vikubwa huvilia damu, huwa nyeusi na hung'oka. Mapaja, kwapa na chuchu huchubuka hadi kutoa damu; mafuta ya mgando husaidia. Damu ikikimbilia miguuni, utumbo hubaki na kidogo, na kuhara hufuata, kiasi kwamba wakimbiaji wengi hupanga njia zao kwa kuangalia vyoo vilipo. Hakuna aliyesamehewa: Berlin mwaka 2015, soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka zikawa zinapepea nje. Alishinda kwa saa 2:04:00, miguu ikiwa na malengelenge na kidole kikitoka damu.

Wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya mbio, kilomita hupunguzwa ili ujenzi uliocheleweshwa ukamilike. Wengi hufadhaika wakati huo, kwa sababu miguu huwa mizito na mizani hupanda kilo moja au zaidi. Uzito huo ni wanga unaohifadhiwa misulini pamoja na maji yake, takriban gramu tatu za maji kwa kila gramu ya wanga.